Majibu ya damu hayaeleweki: umwone bingwa wa magonjwa ya ndani, wa damu, wa figo au wa ini?

Mama yangu alipimwa damu kwa sababu ya uchovu. Alikuwa na miaka 61, na kwa miezi kadhaa alikuwa akilalamika kwamba njia ya kutoka shambani imegeuka mlima. Karatasi ilirudi na wingi wa damu (Hb) 8.4, pembeni yake herufi L, yaani chini ya kawaida. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akishuka chini ya 12, mwanamume chini ya 13, kwa hiyo 8.4 si ya kupuuza. Kipimo cha ESR, kasi ya chembe nyekundu kutuama, kilisoma 88, juu sana. Alipewa vidonge vya madini ya chuma na kuambiwa arudi baada ya mwezi. Akarudi: 8.2.

Sisi watoto tulikuwa tumeshaamua kwamba ni saratani ya damu. Tukamtafutia bingwa wa damu Dar es Salaam, tukasubiri nafasi wiki tano, tukampandisha basi kutoka Tanga. Daktari alimwamkia, kisha akaomba karatasi zote, si ile moja tuliyokuwa tumeishika kama hirizi. Kwenye karatasi ya pili, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma, kriatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, ilikuwa 212, juu sana.

"Mama, magoti yanakusumbua?"

"Yananisumbua mwanangu, mwaka wa nne huu."

"Unameza nini?"

"Diklofenaki. Nanunua duka la dawa. Asubuhi na jioni."

Figo ndizo zinazotoa homoni inayouamrisha uloto wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Zikichoka, na diklofenaki ya miaka inaweza kuzichosha, damu inapungua hata kama uloto wenyewe ni mzima. Daktari hakumwachia hivihivi: aliagiza kalsiamu na kipimo cha protini za damu, kwa kuwa mtu wa umri ule mwenye damu kidogo, ESR ya juu na figo zilizoyumba anaweza kuwa na mayeloma, saratani inayoanzia kwenye uloto. Vikatoka safi. Ndipo akaandika barua ya kwenda kwa bingwa wa figo.

Wiki tano, nauli za watu watatu, ada, na dawa ya magoti iliyoendelea kumezwa muda wote huo. Hospitali ya rufaa ya mkoa, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, ilikuwa na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani ambaye angeziona namba zote mbili siku ya kwanza. Mimi si daktari. Lakini nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki nyingi tangu siku ile, ndugu na majirani wananiletea karatasi zao, na ninaandika ili mwingine asianzie tulipoanzia sisi.

Kabla ya kumtafuta bingwa yeyote

Rudia kipimo, hasa kama namba imevuka mpaka kidogo tu. Viwango vya kawaida vinavyochapishwa pembeni ya majibu huwekwa hivi: katika watu 100 wenye afya, 95 waangukie ndani. Watano waliobaki hawaumwi, ila wako nje ya mstari. Ukipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka na H (juu) au L wakati huna ugonjwa ni kama asilimia 64. Karatasi ndefu isiyo na H wala L hata moja ndiyo yenye uwezekano mdogo.

Sampuli nayo inaweza kusema uongo. Damu iliyovutwa kwa shida, chembe zikapasuka ndani ya bomba la sindano, hupandisha potasiamu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa watu wengine hushikana zikiingia kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, mashine inazihesabu chache, kumbe zipo. Kazi nzito ya juzi hupandisha AST, ambayo watu huiita kipimo cha ini ingawa misuli pia inaitoa. Malaria hushusha chembe sahani, na dengi vilevile. Wakati wa milipuko ya dengi Dar es Salaam, mwaka 2014 na 2019, wako ambao chembe hizo zilishuka na kupanda tena bila kumwona bingwa wa aina yoyote.

Halafu dawa. Kama unatumia dawa za muda mrefu, bingwa wako wa kwanza ni kliniki iliyokupa dawa hizo. Anayetibiwa kifua kikuu akiona ALT, kipimo cha ini, imepanda arudi kliniki ya kifua kikuu siku hiyohiyo, kwa sababu dawa tatu kati ya zile nne za mwanzo zinaweza kuliumiza ini, na wao wanajua ipi isimamishwe na kwa mpangilio gani. Anayetumia ARV arudi CTC, kliniki ya VVU. Dolutegravir hupandisha kriatinini kidogo bila kuidhuru figo, tenofovir inaweza kuidhuru kweli, na vidonge vingi vya sasa vina zote mbili ndani yake. CTC wanaijua tofauti hiyo. Daktari mgeni asiyeambiwa kuhusu dawa hizo, kwa sababu mgonjwa ameona haya kuzitaja, atatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Magonjwa ya ndani au damu?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na jina ndilo linalowapoteza. Kipimo ni cha damu, basi tunafikiri daktari wake ni wa damu. Damu ni njia tu. Karibu kila kiungo mwilini huacha alama yake humo.

Bingwa wa magonjwa ya ndani amesomea moyo, mapafu, ini, figo, homoni, maambukizi na damu, vyote kwa kiasi cha kutosha kujua kipi kinalia. Yeye ndiye chaguo sahihi pale namba zimeharibika zaidi ya sehemu moja (damu kidogo na kriatinini juu, ini juu na sukari juu), au dalili ni za jumla kama uchovu, kukonda na homa za jioni, au pale ambapo hakuna anayejua pa kuanzia. Utampata kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na siku hizi hata kwenye kambi za madaktari bingwa zinazopita hospitali za wilaya. Foleni yake ni ndefu, lakini ni ya siku, si ya wiki. Na barua yake ina uzito: bingwa bobezi akiisoma anajua kazi ya awali imeshafanyika.

Mabingwa wa damu ni wachache nchini. Utawakuta zaidi Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza na hospitali kubwa za binafsi mijini. Wapo wanaokaa zaidi maabara wakisoma darubini, wapo wanaokaa kliniki wakitibu. Unapoomba nafasi, uliza kama huyu anaona wagonjwa. Muda wake ni wa thamani kubwa kwa mtu ambaye ugonjwa wake uko kwenye damu yenyewe au kwenye uloto.

Utajuaje basi? Tazama mistari mitatu ya picha kamili ya damu: wingi wa damu, chembe nyeupe, chembe sahani. Ukishuka mmoja peke yake, mara nyingi chanzo kiko mahali pengine mwilini. Ikishuka miwili au yote mitatu kwa pamoja, na kipimo kilichorudiwa kikasema vilevile, uloto wenyewe unashukiwa, na hapo bingwa wa damu anastahili kusubiriwa au kusafiriwa. Vivyo hivyo chembe nyeupe zikifika makumi ya maelfu huku bandama imevimba, darubini ikionyesha chembe changa ambazo hazipaswi kutoka kwenye uloto, chembe sahani zikibaki chini ya 50 (yaani elfu 50) baada ya malaria, VVU na ini kuondolewa kwenye orodha, au mtu akiwa na selimundu.

Sasa tuchukue tatizo la kawaida kuliko yote, damu kidogo. Kuna namba inaitwa MCV, ukubwa wa chembe nyekundu, ambayo kwa mtu mzima hukaa kati ya 80 na 100. Mbali na wingi wa damu wenyewe, ningekuomba usome hiyo kabla ya nyingine zote. Ikiwa chini ya 80, mtuhumiwa wa kwanza ni upungufu wa madini ya chuma, na swali la kuuliza ni damu inapotelea wapi. Kwa mwanamke anayetokwa na hedhi nzito, daktari anayefaa ni wa magonjwa ya wanawake, kwa sababu huenda kuna uvimbe kwenye kizazi. Kwa mwanamume, au mama aliyekoma hedhi, ni bingwa wa mfumo wa chakula, anayeweza kuingiza kamera kutafuta kidonda au saratani ya utumbo. Kwa mtoto na mkulima wa peku, fikiria safura, na dawa yake iko kituo cha afya. Watu wa Pwani wakumbuke pia kwamba thalasemia ya kurithi ipo kwetu: chembe ndogo tangu utotoni, mtu hana shida, chuma chake kinatosha. Huyo akimezeshwa vidonge vya chuma miaka nenda rudi, anaumizwa tumbo bure.

MCV ikizidi 100, fikiria vitamini B12, foleti, pombe, au dawa kama zidovudini ya VVU. Ikiwa katikati, kama ya mama, ulizia figo, na ulizia ugonjwa wa muda mrefu kama kifua kikuu. Ukihesabu vizuri utaona kwamba wengi wenye damu kidogo hawamhitaji bingwa wa damu kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo limewapotezea Waafrika wengi usingizi na fedha. Aina moja ya chembe nyeupe, nyutrofili, kwa watu wengi wa asili yetu huwa chini kuliko viwango vilivyochapishwa kwenye mashine, ambavyo vilitokana na Wazungu. Sababu inajulikana: tofauti ya kurithi katika jeni la Duffy, ileile inayotukinga na malaria ya aina ya vivax. Mtu mwenye nyutrofili 1.2, asiyeugua ovyo, ambaye mwaka jana alikuwa 1.3 na mistari mingine yote iko sawa, si mgonjwa. Nimemwona kijana aliyeambiwa damu yake ni mbovu na kunyimwa kazi ya melini kwa sababu hiyo, na iliniuma. Bingwa wa magonjwa ya ndani anatosha kuandika barua ya kueleza. Kinachobadilisha hukumu ni namba inayoendelea kushuka, vidonda vya mdomo visivyoisha, au homa za kujirudia.

Na kama ni iyosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zilizopanda, pima choo kwanza. Minyoo na kichocho vinaongoza. Ukiwa umekulia kando ya Ziwa Victoria, mwambie daktari hata kama hakuuliza.

Damu au figo?

Kriatinini hupanda wakati figo zimeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Lakini namba moja haitoshi kukupeleka kwa bingwa wa figo. Anachotaka kuona ni kriatinini mbili zilizopishana kwa muda, kwa sababu ugonjwa sugu wa figo huhesabiwa ukidumu angalau miezi 3. Kipimo cha mkojo cha kutazama protini na damu. Shinikizo la damu. Na picha ya ultrasaundi. Haya yote yanapatikana hospitali ya mkoa. Ukienda kwake bila hayo, siku ya kwanza itaisha kwa kuagizwa kuyaleta.

Bingwa wa ndani anaweza kukushikilia mwenyewe kama figo zimeyumba kidogo na chanzo kinajulikana, shinikizo au kisukari. Mwendee bingwa wa figo mapema kama kriatinini imeruka ghafla, mkojo una protini nyingi au damu, miguu imevimba, au damu imeshuka kwa sababu ya figo, maana sindano za kuichochea zinataka mtu anayezijua.

Dawa za maumivu za dukani na mitishamba isiyojulikana, acha kabla hata hujapewa tarehe.

Ini: bingwa wa mfumo wa chakula au wa maambukizi?

ALT ikifika mara mbili au tatu ya mpaka wa juu wa kawaida, hatua ya kwanza ni kipimo cha homa ya ini B na C. Tafadhali usipige hatua nyingine kabla ya hicho. Kikiwa chanya kwa B, kikabaki chanya zaidi ya miezi 6, ni maambukizi sugu, na bingwa wa mfumo wa chakula na ini ndiye wa kukaa naye kwa miaka, kwa sababu atapima wingi wa virusi, ataangalia kovu la ini na saratani yake. Mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza ni wachache sana kwetu. Kwa mtu wa kawaida chaguo hilo halipo kivitendo, na kulikosa si hasara, kwa kuwa wa ini anaifanya kazi hiyohiyo.

Bilirubini iliyopanda peke yake kidogo, vipimo vingine vya ini vikiwa sawa, hasa kwa kijana aliyepimwa akiwa amefunga, mara nyingi ni maumbile tu. Bingwa wa ndani anaimaliza.

Chembe sahani zilizoshuka pamoja na bandama kubwa ni mfano mwingine wa mlango unaodanganya. Ini lenye makovu, kwa homa ya ini B au kichocho cha tumbo, hurudisha damu nyuma, bandama inavimba na kuzizuia chembe humo. Mgonjwa anapelekwa kwa bingwa wa damu. Tiba yake iko kwa wa ini.

Viungo, homoni, saratani

Kwa haya nitapita haraka. Bingwa wa baridi yabisi anafaa pale viungo vinavyovimba, upele wa uso au vidonda vya mdomo vinapokwenda na ESR ya juu. ESR peke yake haina mwenyewe: hupanda na umri, mimba, upungufu wa damu na maambukizi yoyote. Ikizidi 100, itafutiwe sababu kwa bidii, lakini anayeanza kutafuta ni bingwa wa ndani. Kipimo cha ANA, cha kingamwili zinazoweza kuushambulia mwili wenyewe, kikiwa chanya kwa mtu asiye na dalili mara nyingi hakina maana. Watu wengi wazima kabisa wanacho kwa kiwango cha chini.

Bingwa wa homoni mtafute TSH, kipimo cha tezi ya shingo, ikiwa imetoka nje kwa mbali, au imebaki nje baada ya kurudiwa.

Kuhusu saratani naomba nisikilizwe. Taasisi ya Ocean Road na kliniki nyingine za saratani hufanya kazi kwa jibu la nyama iliyokatwa na kupimwa, au la uloto. Hawamtibu mtu kwa namba ya damu. Siku hizi maabara za mitaani zinauza vifurushi vya alama za saratani, na watu wanatoka humo wakitetemeka. CA 125, inayouzwa kama alama ya saratani ya ovari, hupanda kwa kifua kikuu cha tumbo na kwa uvimbe wa kawaida wa kizazi. PSA, ya tezi dume, hupanda kwa maambukizi ya mkojo. Peleka karatasi hiyo kwa bingwa wa ndani, wa wanawake au wa njia ya mkojo, kulingana na kiungo; yeye ndiye atakayeamua kama kuna kitu cha kukatwa na kupimwa.

Mjamzito aanze kwa daktari wa uzazi na mtoto aanze kwa bingwa wa watoto, hata kama namba inapiga kelele kuhusu kiungo kingine. Viwango vyao ni tofauti na vya mtu mzima wa kawaida.

Wakati ambapo hakuna kuchagua

Nenda idara ya dharura leo, si kliniki kesho, kama wingi wa damu uko chini ya 7 na mtu anahema akikaa. Chembe sahani chini ya 20, au yoyote ya chini huku fizi, pua au choo vinatoa damu. Nyutrofili chini ya 0.5 na ana homa. Potasiamu imezidi 6.5, macho yamegeuka njano na akili imevurugika, au mjamzito ana chembe sahani zilizoshuka na shinikizo la juu. Huko watamwita bingwa anayehusika wenyewe.

Ukishapata nafasi kwa bingwa asiye sahihi

Usiifute kama imekaribia. Nenda, mpe karatasi zote kwa mpangilio wa tarehe, na maboksi matupu ya dawa zote ulizomeza mwaka huu, za dukani na za mganga pia. Kisha sema hivi: "Daktari, kama si lako, naomba barua ya kwenda kwa anayehusika." Ndani ya hospitali moja barua hiyo mara nyingi inaokoa miezi. Mwenye bima aulize mapema kama ngazi ya rufaa aliyoruka italipiwa, maana wengine hugundua dirishani kwamba gharama ni yao.

Barua ya mama ilikuwa na mistari mitano: umri, kriatinini mbili na tarehe zake, MCV, protini za damu hazina tatizo, diklofenaki miaka minne, imesimamishwa. Bingwa wa figo aliisoma yote kabla hajamgusa mgonjwa, na hakurudia hata kipimo kimoja.